Usiwashe Bado

Usiwashe bado, bwana mdogo.
Najua mvua inanukia upande wa Kaliua,
najua simu yako imeita mara tatu.
Iache iite. Nipe hiyo wilspana.

Tazama. Nati hii, halafu ile inayoikabili,
kisha hii, kisha ile ya ng'ambo,
si kwa kufuatana, jirani kwa jirani, kama siafu.
Ukizunguka hivyo rimu hukaa upande
na kukudanganya kuwa imekaa.
Kwanza bana kidogo tu, tairi likiwa hewani.
Shusha jeki. Mpira uguse udongo wa Urambo.
Sasa kaza.
Anayekuambia upake grisi hakutakii mema.

Mwaka ule nilikuwa utingo
kwenye Fuso ya Mihambo Kapela,
marobota ya tumbaku yamepita kingo za bodi,
nyuma kumeandikwa kwa rangi nyekundu: MUNGU ANAJUA.
Usoke tukapata pancha, tairi la mbele, kushoto.
Nati za kushoto za gari lile hukazwa kinyume,
zina herufi yake kichwani, na mimi niliijua.
Sikukosa kujua.
Nati nane. Tano nilizikaza.
Tatu nilizisokota kwa vidole tu
kwa sababu mama ntilie aliita: wali unapoa!
Wali wenyewe ulikuwa na changarawe.

Tulipovuka makalavati tukasikia tok, tok,
kama mgeni asiyetaka kusumbua.
Mihambo akaongeza sauti ya redio.
Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake,
akasema barabara hii mbovu,
nami nikasema ndiyo, mbovu.

Ndipo tukaona tairi linatupita,
linaruka ruka kama mbuzi aliyekata kamba.
Tukacheka!
"La nani hilo?" Mihambo akauliza,
na kabla sijajibu
gari likapiga goti.

Lilichora mtaro mrefu wa cheche kwenye lami.
Marobota yakamwagika. Mihambo alitema jino.
Mimi nilishuka mzima, bila hata mkwaruzo,
na hilo ndilo sijawahi kujisamehe.

Tairi tulilifuata kwa alama zake:
mahindi yaliyolala, ua wa mabua uliotoboka,
mpaka kwenye bani la kukaushia tumbaku
ambako mama mmoja, Kalunde, alikuwa anachochea moto.
Lilikuwa limelala mlangoni kama limefika nyumbani.
Vigae vya mtungi. Maji yanatafuta njia.
Hatua mbili kutoka pale, mkeka; juu ya mkeka, mtoto.

"Ni lenu?"
Ni letu, mama.
"Nani alilikaza?"

Mihambo aliangalia mbali, kinywa kimejaa damu.
Nami nikajibu: "Lilikazwa."

Lilikazwa.
Kitenzi kizima, na ndani yake hakuna mtu.
Akanitazama, akaokota kigae kimoja.
"Sawa," alisema. "Lilikazwa. Na mtungi ulivunjika.
Na mtoto aliamka. Kila kitu kilitokea chenyewe."
Akarudi kuchochea moto wake.
Hakutudai hata senti, afadhali angetudai.

Basi subiri nimalize.
Ona, nachora chaki
kutoka kichwa cha nati mpaka kwenye rimu,
mstari mmoja mmoja, zote.
Ukifika Ndono, kama kilomita hamsini hivi,
simama. Usipitilize kwa kuwa gari limetulia.
Chuma kikipata moto husogea, hukaa upya,
na kilichobana asubuhi mchana si kile.
Shuka utazame chaki yangu.
Mstari ukikatika, nati imetembea;
kaza tena, msalaba, kama nilivyokuonyesha.

Na akitokea mtu wa kukuuliza,
trafiki, au mama yeyote mwenye bani kando ya njia,
usimwambie lilikazwa.
Mwambie alikaza Shija Msabila,
kibanda cha bati, mkabala na mizani ya chama cha msingi.
Nilikaza mimi.

Haya. Sasa washa.