Ziada Anatafuta Herufi

Jina langu linaanzia pale alfabeti inapochoka.
Shuleni Kadutu, mwalimu akifungua daftari la mwito,
nilikuwa na muda wa kufunga kamba za viatu,
kuhesabu nzi dirishani, kusahau nilipo,
na bado awe hajafika kwangu.
Ziada?
Kengele ililia kabla sijasema nipo.

Siku ya sabuni za msaada walianza na A.
Siku ya vyandarua walianza na A.
Walipofika kwangu wakatikisa gunia,
nikapewa gunia.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu: Ziada bila ziada!
Kule sokoni muuza makayabu hukuongezea kipande, matabishi,
bei ikishakwisha kusemwa.
Mimi niliitwa kipande hicho.

Basi uliponipiga teke la kwanza, mwanangu,
usiku ambao mvua ilishusha nusu ya njia ya Nyamugo,
niliapa: wewe utaanza na A.
Nikaandika nyuma ya karatasi ya kliniki:
Aganze. Ashuza. Asifiwe.
Alfonsina, kwa heshima ya shangazi aliyetuachia cherehani.

Baba yako huchora vibao vya maduka.
Akasema A ni ngazi tu, haina ukuta wa kuegemea.
Yeye hupenda S,
brashi huteleza yenyewe kama mtu ashukaye kwenda ziwani.
Nyanya yako, M'Bagalwa, hajui A wala S.
"Jina ni la mdomo," alisema,
akatoka uani, akayajaribu moja moja
kuelekea mlima wa pili, mikono kandokando ya kinywa.
Ashuza lilifia juu ya bati la jirani.
Alfonsina lilimfanya akohoe.
Jirani akachungulia kuuliza nani amepotea.
"Hajazaliwa bado," nyanya akamjibu.

Usiku huo nilimkumbuka Ajuwa, wa dawati la mbele.
Wa kwanza kwa sabuni, ndiyo.
Wa kwanza ubaoni pia, jedwali la saba,
wakati fimbo ilikuwa bado mbichi.
Ilipofika kwangu mkono wa mwalimu ulikuwa umechoka,
na jibu nilikuwa nimeshalisikia mara ishirini na tisa.
Ajuwa alikuwa na sabuni.
Alikuwa pia na vidole vilivyovimba.
Sikuwahi kumuuliza kama angependa tubadilishane.

Ukazaliwa Jumanne, hujachaguliwa jina.
Muuguzi akakufunga plasta kifundoni:
binti wa Ziada.
Kwa hiyo wakaita watoto wote kupimwa
na wewe ukabaki, herufi yangu mguuni mwako.
Nilitaka kulia.
Lakini baada yako hapakuwa na mwingine wa kuita.
Yule mama akavuta kiti, akaketi,
akapasha moto sahani ya mizani kwa kiganja chake
kabla ya kukulaza,
akakutazama kama mtu ambaye amemaliza kazi.
Kilo tatu na gramu mia mbili.
Alisoma mara mbili, bila haraka.

Nyanya akatoka tena uani na jina moja tu
ambalo hakumwambia mtu: Nsimire.
Kwa Mashi ni kama kusema, nimeshukuru.
Lilivuka bonde. Mbwa wa ng'ambo akaliitikia.
Nikahesabu kwa vidole: N, katikati,
mbali na fimbo, mbali na gunia.
Nikakubali.

Komini, karani alikuwa na mafua na foleni ndefu.
"Jina?"
Nikalitaja. Akaandika Simire.
Nikasema kuna N mbele. Akanionyesha muhuri:
umeshagonga.
Karatasi mpya ni franka nyingine, na siku nyingine.

Baba yako amefurahi mno, anaficha furaha vibaya.
Ameichora S ubavuni mwa ndoo yako ya kuogea,
nyekundu, na mkia mrefu kupita kiasi.
Nyanya anakuita vilevile kama alivyokuita.

Nami nimelipima jambo hili nikikunyonyesha:
siku wakifungua daftari utangoja, mwanangu,
ila si sana.
Utakuwa herufi saba mbele yangu.