Herufi Kumi

Februari, Thunder Bay. Kope zinaganda.
Meneja kaniletea jezi ya kipa: "Fumua."
HAAPAKOSKI. Herufi kumi
nilizozishona Septemba kwa uzi maradufu
nikidhani nashona mtu akae.

Tumefungwa mechi sita, sawa.
Tunahitaji mikono mipya, sawa.
Lakini huyu ana mtoto darasa la pili,
ana mbwa kilema,
ana deni la mkate pale dukani kwa Oja.
Hayo nayo niyafumue kwa wembe?

"Magongo ni biashara, Mwanakheri."

Haya. Mbachao mmeuacha,
msala wenu unatua kesho saa nne usiku.
Anaitwa Pugh.
Herufi nne tu, nitamaliza kabla chai haijapoa.

Matundu mengine yatabaki wazi mgongoni.
Baridi itapitia hapo.