Geti

Wiki yangu ya kwanza Ibra, Bibie Raya alinitamkia neno moja
nikatoka mbio hadi uani.
Akalitamka tena, nikatoka mbio tena,
nikasimama mbele ya chuma cha kijani,
mkono kwenye komeo, jua la Julai kisogoni,
nikingojea gari lisilokuja.
Kumbe alitaka maji.

Kwetu Ganze geti ni geti.
Lina bawaba, lina kutu,
lina mbuzi wa jirani wa kulisukuma kwa pembe.
Hapa nilikuta geti ni kitenzi,
na kitenzi chenyewe hakitulii.
Geti chai. Geti mtoto bafuni.
Geti juu, saa kumi alfajiri, maana yake amka.
Geti ndani: gari limewashwa.
Geti nje: hiyo sikuhitaji mwalimu.
Na usiku, kidole hewani, sahani zimeoshwa mara mbili,
aniulize kama nimegeti,
yaani limeniingia akilini?
Nikaitikia ndiyo,
macho yangu dirishani, kwenye komeo.

Thuraya, binti wa tatu, asomaye Kiingereza chuoni Nizwa,
alikaa sakafuni jikoni akichambua tende, akacheka.
Neno lenyewe si lao, akasema.
Lililetwa na watu wa kaskazini, wa nchi ya barafu,
waliokuja na mashua kupora.
Walipora walichopora, wakasahau kitenzi ufukweni.
Kwao lilikuwa kupata, na kuzaa, na kukisia,
yote matatu kwa pumzi moja.

Nikaacha kumenya kitunguu.
Nilizaa: Karisa, ana miaka sita, meno ya mbele hana.
Nikakisia: wakala wa Mombasa, tai nyekundu, karatasi nisizozisoma.
Nikapata: riali themanini, na chumba kando ya mashine ya kufulia.
Hao watu wa barafu walinijulia wapi?

Na nyinyi je, akauliza.
Nikamwonyesha kisu juu ya kitunguu. Kinapata, nikasema.
Mtu hupata mtoto, hupata ajali, hupata uji,
na kisu nacho hupata, kikiwa kikali.
Akaliandika hilo kwenye mkono wake, kwa kalamu ya bluu.

Bibi yake, Bi Zuwena, alilelewa Tabora.
Kiarabu kilimtoka kwanza,
kisha majina ya wanawe, mmoja mmoja, kuanzia kitinda mimba.
Kiswahili kimebaki chini kabisa, kama ukoko,
na mimi ndiye wa kuukwangua.
Kila niingiapo na uji ananiuliza, "Umepata?"
Nini, hasemi.
Siku moja nilimwuliza. Akautazama mkono wangu,
akaugeuza, akaurudisha mahali pake.
Tangu hapo najibu, "Nimepata, bibi,"
naye hulala.

Thuraya anasema hata kusahau, kwa Kiingereza,
kuna hilo neno letu ndani yake,
limetanguliwa na silabi ya kuponyokwa.
Uliloshika, likakuponyoka.
Hakuniambia zaidi, mtihani ulikuwa kesho.
Mimi niliona geti lililolala wazi usiku kucha,
na asubuhi hujui nani kaingia, nani katoka.

Juzi, saa tisa za usiku, nilisikia chuma.
Bi Zuwena alikuwa uani na kanga yangu begani,
miguu mitupu kwenye changarawe,
anahangaika na komeo kama mtu anayefungua mtungi.
Taa ya juu ikawaka. Dirisha likafunguka.
"Kadzo!" akapiga kelele Bibie Raya. "Geti!"

Nimshike mzee, au nifunge mlango?
Kwa mara ya kwanza neno lilikuwa yote mawili,
langu na lake,
nami sikuuliza.
Nilikimbia.

Vidole vyake vilikuwa na kutu.
"Umepata?" akaniuliza.
Komeo lilikuwa limekwisha kuachia.
Barabara ya Ibra ilikuwa tupu, nyeupe, ndefu.
Nilimshika mkono, na geti
sikulifunga mara moja.