Sekunde ya Tatu

Nilipandisha masanduku manne hadi ghorofa ya tatu,
theluji imenigandia kwenye kamba za viatu.
Tampere, Februari, saa kumi na moja jioni
na jua limeshaaga zamani.
Bwana Veijo alikuwa ameuza boti
anunue spika mbili na amplifaya
nzito kama mtoto anayekataa kubebwa.

Nikafunga nyaya. Nikaunganisha mtandao.
Nikamweleza tunayowaeleza wote:
biti ishirini na nne,
sekunde moja hukatwa vipande laki moja na tisini na mbili elfu,
hakuna kilichobanwa, hakuna kilichochujwa,
utasikia ukucha wa mpiga gita ukigusa waya
kabla noti yenyewe haijazaliwa.
Akaitikia kwa kichwa, kimya.
Nikadhani ni Mfini tu, kama mimi.

"Sasa iamrishe," nikamwambia.

Kwa lugha yetu "cheza" huanza na S.
Akavuta pumzi. Taa ya buluu ikawaka.
S—
mishipa ya shingo ikasimama,
s— s—
taa ikazimika.
"Samahani, sijakuelewa,"
sauti laini ya mwanamke
ambaye hajawahi kuachwa na basi.

Ulimi hauna mfupa, ndivyo isemwavyo.
Wa Veijo ulikuwa na goti,
na goti lilikaza.

Mara ya pili. Ya tatu.
Mara ya nne kifaa kikatusomea
hali ya hewa ya mji wa Salo.
Ukungu, Salo. Upepo hafifu.
Hakuna aliyeuliza.

Nikaingia kwenye mipangilio kwa simu:
lafudhi, rangi ya taa, salamu za asubuhi,
sauti ya kike au ya kiume.
Nikatafuta pa kuandika: msubiri.
Hapakuwapo.
Mashine ichanayo sekunde hadi ikawa unga
haikuwa na sekunde ya tatu ya kumpa mtu.

"Nitakuwa namsemea mimi," akaita Tellervo
kutoka jikoni, mikono ndani ya unga wa shayiri.
Veijo akakataa kwa kidole.
Akageuza risiti yangu, akaandika nyuma yake:

*Miaka thelathini na minane kiwanda cha nguo.
Mitambo ilipiga kelele, sote tulisema kwa mikono.
Kule sikuwa na kigugumizi.
Nusu ya masikio niliyaacha huko huko.
Hizo sauti za juu unazozisifia sitazisikia, najua.
Nataka tu ziwepo.*

Sikuwa na jibu. Nikaanza kukunja maboksi.

Ndipo akaimba.
Si wimbo: amri.
"Cheza," kwa noti mbili, ya chini na ya juu,
kama mtu amwitaye paka wake uani,
kisha jina la tango ya kale, lote, limenyooka,
hakuna goti, hakuna kizingiti,
na lile jina refu la mpiga kodiani
likateleza nyuma yake kama kijana barafuni.

Taa ya buluu. "Sawa."

Kwanza hatukusikia muziki.
Tulisikia chumba: kiti kikilia,
mvukuto ukijazwa hewa,
mtu aliyekufa kitambo akisita
kabla ya kugusa kibonye cha kwanza.
Alisita sana.
Hakuna aliyemkatiza.

Niliteremka ngazi huku nyuma ya mlango
Veijo akiimba *punguza*, akiimba *ongeza*,
akiimba *rudia*, bila haja, kwa ujuba,
na Tellervo akipiga kelele kwamba
hakuolewa na jumba la opera.

Kwenye gari nikajaza fomu.
Spika: nzima. Mtandao: imara.
Kisanduku cha mwisho:
*Je, kifaa kinamwelewa mteja?*
Nikashika kalamu juu ya karatasi
sekunde tano, kumi,
kioo cha mbele kikiota ukungu.
Karatasi ikasubiri.