Kabati la Tatu

Nyuma ya kioo: mguu wa chura,
kipande cha shaba, kipande cha zinki,
na maelezo kwa herufi nene,
kwamba zamani wataalamu
waliushuku umeme kuwa ndio roho.

Mwanamvua hupiga deki maktaba ikishafungwa.
Leo ndoo kaiweka chini, anasoma.
Riwaya imefunuliwa pale pa usiku wenyewe:
mwanafunzi wa tiba kashona maiti kwa maiti,
kiumbe kikafumbua jicho,
naye akatoka mbio
asikipe hata jina.

Hata jina?
Anakiuliza kioo.

Jana watoto wa skuli ya Tudor
walibonyeza swichi, mguu ukaruka,
wakapiga ukelele hadi barabarani.
Yeye alikuwa mlangoni na fagio. Hakushtuka.

Wake alizaliwa Makadara, alfajiri, Mfunguo Tano.
Walimsugua kifua, wakampulizia,
wakaleta mashine na nyaya zake.
Hakulia.
Sanda yake ilikuwa kama kitambaa cha mkono,
na kabla ya udongo akamwita: Shekue.

Stima imepotea. Gizani
anapapasa kitambaa, anakipangusa kioo
polepole, pale kilipo kile kisicho na jina,
kisha anakwenda zake.
Mtaani, hadi leo, ni Mama Shekue.