Mstari wa 217

Dodoso lataka kilo.
Makorora hawanunui kilo:
hununua fungu, kibaba, kipimo,
mafuta ya mia tatu kwenye kifuko kilichopigwa fundo.
Basi alfajiri nimepeleka mzani Mgandini,
nikapima mafungu kumi na mawili ya dagaa,
muuzaji kanikodolea kama mgambo:
"Wanunua au wakagua?"
Nikanunua moja, la aibu.
Gramu mia moja arobaini na tatu. Nikaandika.
Jioni nikalila.

Baiskeli ya kukodi, elfu mbili kutwa;
mwenyewe hana risiti, na chuo hakilipi bila risiti.

Kaya ya mwisho leo, Mabawa, nyuma ya gereji.
Bi Mwanamvua binti Kibwana, hamsini na minane.
Mkuu wa kaya?
"Sijui kama mie ni mkuu,
ila aliyekuwepo hayupo."
Nikatia moja kisandukuni.

Ndani ya siku saba zilizopita
kaya yako imetumia shilingi ngapi kwa chakula?
Akacheka kwa pua.
Mchele kilo sitini. Mbuzi wawili.
Sukari mfuko mzima, wa chai na wa kahawa.
Nazi tusihesabu, nazi walileta majirani.
Turubai la kukodi, na moja lilichanika, nalo lalipwa.
Sanda je, utaiweka wapi? Si chakula.
Nikaiweka Mengineyo.

Swali la kumi na nne, sikulitunga mimi:
je, katika kipindi hicho kaya ilipatwa na mshtuko wowote?
Alinitazama hata kalamu ikatoa jasho mkononi.
"Mshtuko," akasema. "Andika basi.
Ulikuwa na miaka ishirini na sita.
Ulikuwa ukiendesha bodaboda.
Uliitwa Mbwana."

Nikaandika: Ndiyo.
Kisanduku ni cha herufi nne.

Kisha yeye akauliza, dodoso likiwa limefungwa:
"Nawe mwanangu, hao wakulipa ngapi?"
"Kidogo, mama."
"Kidogo ndiyo ngapi?"
Siku mbili Raskazone, kwa chai na sambusa,
tulifundishwa hivyo hivyo: msipokee kidogo,
rudieni swali, kwa upole.
Alirudia vizuri kunishinda.
Sikumwambia kuwa tangu Februari
malipo yangu yasubiri saini ya mtu aliye safarini.
Akaingia ndani, akatoka na bakuli,
mihogo ya nazi, kafunika kwa sahani.
Kuna swali la zawadi zilizotolewa na kaya, na thamani yake.
Nilikuwa nimeshalipita.

Usiku, Barabara ya Kumi na Tano, feni yazunguka kwa kulazimishwa,
naingiza madodoso, natuma, simu yalia.
Dakta Kaihura, sauti ya mtu aliyekula:
"Hiza, wastani wa Mabawa umeruka.
Ni huo mstari wa 217. Umekosea sifuri?"
Sijakosea, Dakta. Ni msiba.
"Aa. Pole yao. Basi utoe, unatuharibia."

Na ana haki, hilo ndilo liniumalo.
Naweza kuthibitisha kwa herufi za Kigiriki, kurasa mbili:
mama mmoja akizika,
mtaa mzima huonekana umeshiba.

Nikaweka kidole.
Nikakiondoa, nikanywa maji.
Nikakirudisha.
Mstari wa 218 ukapanda ukaketi pale,
taratibu, kama mtu asogeaye kwenye jamvi
kumpisha mwingine, ila hapakuwa na mwingine.
Wastani ukatulia.

Watu wa hapa husema waja leo waondoka leo,
nami tiketi yangu ni ya kesho, saa nane.
Lakini bakuli ni la Bi Mwanamvua, lina ua jekundu na ufa,
na bakuli la watu halirudi tupu.
Nimepekua mfuko mara mbili:
mia saba,
na mzani.