Hoja ya Ukaguzi

Faili lilifika mezani kwangu Jumatatu,
limefungwa kamba ya katani, pembe zimeliwa na mchwa.
Mimi mkaguzi. Nimezoea stakabadhi za dizeli
na posho za semina ambazo hazikufanyika.
Hili ni la zamani mno. Nililifungua kwa kucha,
na vumbi la Dodoma likapokewa na vumbi lenzake.

"Makazi ya konseli, njia ya bara, kituo cha Mpwapwa."
Wino umekuwa rangi ya chai.
Safu mbili zimepigwa kwa rula:
kushoto Hazina ya London, kulia Hazina ya Bombei.
Nusu kwa nusu, kaandika karani. Akafuta.
Theluthi. Akafuta tena,
karatasi ikatoboka hapo, na tundu halikulipiwa na mtu.

Miaka sita walibishana, mifuko miwili ya kanzu moja.
Huyu anasema: wenye maduka kule ni raia wako, lipa wewe.
Yule anajibu: bendera ni yako, basi lipia na upepo.
Barua miezi minne kwenda, mitano kurudi,
na konseli chini ya turubai anasubiri bati.

Mshahara: nusu kwa nusu.
Mwavuli mmoja: London.
Mkalimani: Bombei, hadi mwezi Machi;
baada ya hapo tazama barua namba arobaini na moja.
(Barua namba arobaini na moja haimo.)
Kengele ya shaba: haijaamuliwa.

Hapo nilicheka, ofisi nzima ikageuka.
Sechelela wa masijala akauliza, kuna nini?
Nikamwambia, wamegombea kengele.
Akasema, kwani sisi jana hatukugombea feni?

Ukurasa wa kumi na tisa: doti nane za kaniki,
shanga nyekundu mafungu matatu, kwa mtemi mwenye visima.
Kushoto wamekataa. Kulia wamekataa.
"Si gharama hii, ni unyang'anyi."
Kwetu iliitwa hongo kabla neno halijaoza:
umekunywa kisima cha mtu, umemshukuru kwa mkono.

Nikatafuta maji.
Nilipekua mbele, nikapekua nyuma, nikalowesha kidole kwa ulimi.
Mishumaa ipo. Sabuni ipo, vipande sitini.
Ya kuogea na nini?

Kwa sababu mama mzaa bibi yangu, Mbeleje,
alipanda kilima kile na kibuyu kichwani
alfajiri na jioni, mwaka ambao mvua iliishia Kongwa.
Nyumbani hatuna karatasi. Tuna sentensi moja tu,
bibi aliisema akichambua mlenda, bila kuinua macho:
"Alikuwa akioga kila siku, ng'ombe wetu wakilamba mawe."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema.
Huyu siku ya tatu alitushikisha sisi.

Jana nilikuwa Mtumba, kwenye viwanja vya mabalozi.
Vigingi vyeupe, mikuyati michache, upepo wa kutoa machozi.
Nchi mbili ndogo zinauliza kama zinaweza
kuchangia ukuta mmoja na jenereta moja.
Swali la heshima, nami niliandika muhtasari vizuri.
Kisha mkono wangu, wenyewe, ukauliza:
na maji yatatoka wapi, nani atayalipia?
Kijana wa kupima ardhi akanitazama.
Mama, akasema, hilo halimo kwenye ajenda.

Nimerudi. Saa kumi na moja, wenzangu wameondoka.
Nimechukua fomu ya kawaida, ile ya kijani,
nikaijaza kwa kalamu ya wino, si penseli.

Hoja namba moja: Maji. Vibuyu viwili kwa siku,
miaka sita. Hayakuingizwa kushoto wala kulia.
Mhusika: Mbeleje, wa Mpwapwa.
Kiambatisho: sentensi moja.

Majibu ya menejimenti:

Nimeacha nafasi, mistari minne.
Nimewapa siku ishirini na moja, kama kanuni inavyotaka.